Mkwe Aliyekumbatia Antena

Fundi huyu wa mitambo ya simu watu walimwita Tenki kwa sababu ya tumbo lake, naye aliitikia bila kinyongo. Kazi yake ilikuwa kufunga antena za mtandao mpya, ule wa kasi, na kampuni ikaamua kuujaribia kwanza nyumbani kwake. Wakasimamisha mlingoti ng'ambo ya barabara, wakapigilia kisanduku cha kupokea mawimbi kwenye rafu ya sebuleni, wakamwambia aishi kama kawaida.

Mawimbi yenyewe yalikuwa na madeko ya bibi harusi. Yale ya zamani hupenya ukuta na kukufuata hadi chooni. Haya ya masafa ya juu hubeba mzigo mkubwa kweli, lakini yakikutana na chochote chenye maji, jani, tone la mvua au kiganja cha mtu, yanasusa. Yalitaka njia nyeupe kutoka mlingotini hadi rafuni, kupitia dirishani. Na hapo dirishani, kwenye kiti chake cha kushonea, ndipo alipokaa mama mkwe.

Siku ya kwanza tu Tenki aliona. Mama akikaa, mtandao unakufa. Akienda kuoga, unafufuka. Akanyamaza, maana sanduku la nguo la mama lilikuwa limeshafungwa, liko mlangoni, tayari kurudi kwake. Aliletwa hapo baada ya kuanguka jikoni kwake na kulala sakafuni kutwa nzima bila mtu wa kumwinua. Tangu aje, neno lake lilikuwa lilelile: "Nawazibia nafasi." Bintiye aliwahi kumwomba asogeze kiti afagie, na jioni yake akamkuta anakunja nguo kuzitia sandukuni.

"Akirudi kule atakufa peke yake," mke alimwambia Tenki. "Tafadhali, mume wangu, asilisikie neno kuziba humu ndani."

Basi Tenki akaanza kusema uongo kazini. Alisingizia mti, ukakatwa matawi mpaka ukabaki kama mswaki. Akasingizia nguo mbichi za jirani. Kampuni ikamnunulia jirani mashine ya kukaushia. Kioo cha dirisha kiling'olewa, mbu wakahamia rasmi. Alipoishiwa kabisa akamtaja jogoo anayesimama ukutani, na wahandisi wawili wenye shahada zao wakaja kumpima jogoo urefu, upana na kiasi cha maji mwilini. Ripoti ikasema jogoo hana kosa.

Ndipo akaja mhandisi mkuu mwenyewe, kipimo mkononi. Mama aliinuka kumsalimu, mshale wa kipimo ukapanda. Akakaa, ukaanguka. Mkuu akatazama kipimo, akamtazama mama, akafungua mdomo. Tenki akamwahi.

"Ni mimi, bosi," alisema, akajisogeza dirishani. "Mwili wangu huu. Nina maji mengi."

"Toka nje, tuone."

Akatoka, akasimama nje ya dirisha hilohilo. Mshale haukutikisika, ukabaki chini. Mkuu akampungia mkono aende mbali zaidi. Tenki akarudi kinyumenyume, akavuka barabara huku pikipiki zikimkwepa, akafika mlingotini, akaegemeza ngazi, akapanda, akaikumbatia antena mpaka tumbo likaifunika yote. Jogoo aliacha kudonoa, akamtazama.

"Mkwe wangu ana nini leo?" mama aliuliza.

Mhandisi mkuu alikitazama kipimo tena. Kisha akamtazama mke wa Tenki, aliyekuwa amesimama mbele ya lile sanduku akisokota ncha ya gauni, machozi yakimlengalenga. Akakizima kipimo.

"Ndiye anayeziba, mama," alisema. "Nina miaka mingi kwenye kazi hii, sijaona mtu anayeziba kama huyu."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu, mara ya kwanza tangu aletwe. "Kumbe. Mimi najisumbua bure, najiona ndiye niliyejaza nyumba, na kumbe yupo wa kunishinda." Akainuka, akaliendea sanduku.

Kule juu Tenki hakusikia lolote. Mkuu alimwita ashuke, akakataa. Watu walikusanyika, mikono ikamfa ganzi, jua likamchoma utosini, naye kakumbatia tu. Hatimaye mkewe alitokea dirishani, amelishika sanduku la mama, liko wazi. Akaligeuza juu chini, akalitikisa. Hakikudondoka kitu.

Ndipo Tenki akashuka.