Mzee Gundi Atafuta Kamba ya Mbwa

Mzee Gundi hakujua kukaa kitako. Tangu astaafu alizunguka nyumbani kwa binti yake kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alikaza bawaba iliyokwisha kukazwa, akafungua dirisha, akalifunga, akaenda jikoni kuangalia kama maji yamechemka ilhali hakuna aliyebandika maji. Binti yake, mwalimu wa hesabu, alisahihisha madaftari mezani huku baba akipita nyuma ya kiti chake, na kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi yake, alijua kabisa kwamba amepita mara kumi na saba.

"Baba, keti basi."

"Nimeketi sana leo."

Uongo mtupu. Kiti chake kilikuwa cha baridi tangu asubuhi.

Kilichowaokoa wote wawili ni mbwa. Alikuwa jibwa la kahawia lenye kifua kipana, na jina lake Meneja, kwa sababu alikulia kwenye ghala la nafaka na kazi yake ilikuwa kulala kivulini akiwatazama watu wakitoka jasho. Ghala lilipoleta winchi ya umeme ya kupandishia magunia, wavutaji kamba, Gundi akiwemo, walipewa mkono wa kwaheri, na Meneja akaondoka na Gundi bila kuulizwa. Asubuhi na jioni wawili hao walitoka kutembea, na hapo tu ndipo mzee alipotulia rohoni. Ukimwondolea Meneja, sijui angebaki na nini zaidi ya zile bawaba.

Hilo jina la Gundi nalo lilitoka ghalani. Kwa miaka thelathini na mmoja alipandisha magunia ghorofani kwa kapi, lile gurudumu lenye mfereji linalopitisha kamba. Chini ya gunia watu walikuwa wakipita. Ukiachia, unaua. Kwa hiyo wavutaji wote walikuwa na mtindo mmoja, kuzungusha kamba mara mbili kwenye kiganja na kufunga ngumi. Gundi hakuwahi kuachia hata siku moja, na alipenda kulisema hilo, hata kwa watu ambao hawakumuuliza.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe mbwa mwenye nguvu uone.

Mara ya kwanza alimtoa Meneja kwa mnyororo. Paka akakatiza, mbwa akaruka, na mnyororo ulikuwa umezungushwa kiganjani mara mbili kama kawaida. Mzee alikwenda chini kifudifudi, akaburutwa hatua mbili, akarudi nyumbani na kidole kidogo kimevunjika. Akaulaumu mnyororo. Akatafuta ile kamba ya kisasa inayojivuta yenyewe ndani ya kidude cha plastiki, unabonyeza inatoka, unaachia inarudi. Hapo mimi siwezi kumtetea hata kidogo. Badala ya kushika kidude, alikiona cha kitoto, akashika ule ugwe wenyewe, mwembamba kama wa kufungia vifurushi, akauzungusha mkononi. Jumanne Meneja alipokimbilia mbwa mwenzake, ugwe ulimchana mzee kiganja mpaka damu, na goti likapiga ukingo wa barabara.

Binti alimfunga bandeji. Alipomaliza alisema yote kwa mkupuo.

"Jumamosi mjomba anakuja na pikapu. Nimeshampigia. Meneja ataenda shambani kwake. Kule kuna uzio, hatahitaji kamba."

"Unampa shemeji mbwa wangu?"

"Una miaka sitini na tisa, Baba. Siku ukivunjika nyonga hutainuka tena. Mama nimemzika. Sitaki kukuzika wewe kwa ajili ya paka."

Mzee alisimama, akaketi, akasimama. "Shida ni kamba. Nipe mpaka Jumamosi. Nikipata kamba sawasawa hutasikia neno."

Binti alikunja bandeji iliyobaki. "Jumamosi asubuhi nitatoka nanyi. Nikiona umevutwa hata hatua moja, mjomba anamchukua."

Basi kuanzia hapo mzee hakuwa na pa kutua. Kesho yake alikuwa mlangoni mwa duka la vyakula vya mifugo kabla halijafunguliwa, akienda na kurudi kibarazani. Muuzaji, mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alimkuta hapo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka kamba ya mbwa ambayo haivuti."

"Kamba haivuti, mzee. Mbwa ndiye anayevuta." Akafungua kufuli. "Ingia. Chukua hiyo iliyo ukutani uishike kama vile unatembea."

Mzee aliishika. Mama yule aliangalia mkono, akavaa miwani, akaangalia tena.

"Kumbe. Hata nikikupa kamba ya hariri utaumia tu. Mbona unajifunga pingu mwenyewe?"

"Ndivyo kamba inavyoshikwa."

"Na mbwa akikuzidi nguvu?"

"Simwachii."

"Ndiyo maana una bandeji."

Maneno yale yalimchoma, lakini alikuwa na shida, na mwenye shida hachagui mwalimu. Mama akamtolea mkanda bapa wa pamba, mpana vidole viwili, urefu wa hatua mbili za mtu mzima. Mnyororo, alisema, ni wa mbwa anayetafuna kamba, na ile ya kujivuta ni ya mbwa mtulivu kwenye uwanja mpana, si ya barabarani. Kisha akamtolea mkanda wa kifuani wenye pete kwa mbele. "Ukifunga shingoni anavuta kwa nguvu zake zote. Ukifunga hapa mbele ya kifua, akivuta anajikuta amegeuka kukutazama." Mwisho akauchukua mkono wa mzee usio na bandeji. "Kitanzi kinaingia kwenye kidole gumba tu. Mkanda unapita kiganjani, vidole vinafunika juu. Akikuzidi, unafungua mkono. Basi."

"Nifungue mkono," mzee alirudia, kama mtu aliyeambiwa avue suruali hadharani.

Siku tatu zile nyumba haikukalika. Mzee alitembea na mkanda chumbani, ukumbini, jikoni, bila mbwa, gumba kwenye kitanzi, akijinung'unikia. Alipokumbuka, mkono ulikaa vizuri. Alipofikiria jambo lingine, mkono ulizungusha wenyewe, mara moja, mara mbili. Mazoea yana taabu. Akaufungua kwa hasira, akaanza upya kutoka mlangoni. Chakula kilimshinda, na Ijumaa alimchana Meneja manyoya mara nne, mpaka mbwa akajificha chini ya meza.

Jumamosi walitoka mapema, watatu. Moyo ulimdunda mzee kuliko siku aliyooa. Lakini mambo yalikwenda. Meneja aliona kuku, akavuta, pete ya kifuani ikamgeuza, akabaki akishangaa. Mzee alishika kwa gumba. Walipita kwa kinyozi, wakapita kwa fundi baiskeli, na hakuvutwa hata nusu hatua. Alimwangalia binti yake kwa jicho la pembe, akaona ameanza kulegeza uso.

"Nipe nijaribu mwenyewe," binti alisema. "Nijue anavuta kiasi gani."

Mzee akampa, kwa fahari. Na binti, macho yake yakiwa kwa mbwa, akauzungusha mkanda kwenye kiganja mara mbili, akafunga ngumi.

Mzee aliona. Mdomo ulikuwa haujafunguka bado paka alipochomoka chini ya lori lililokuwa likirudi nyuma taratibu. Meneja akaruka kumfuata. Pete ilimgeuza, ndiyo, lakini binti alikuwa amesimama vibaya, mkono umefungwa, na uzito wa mbwa ukampeleka barabarani kwa magoti, kuelekea magurudumu.

"Achia!" mzee alipiga kelele. Neno hilo hakuwahi kulisema maishani. "Achia, mwanangu!"

Binti akakaza zaidi. Mzee alimrukia, akaishika ile ngumi kwa mikono yake yote miwili, bandeji na kidole kibovu, akaifumbua kidole kimoja kimoja mpaka mkanda ukachomoka. Wakaanguka pamoja kando ya njia. Dereva alifunga breki, akatoa kichwa dirishani, akatukana, akaendelea. Meneja alikuwa ng'ambo, mzima, akimbwekea paka juu ya ukuta.

"Kwa nini hukuachia?" mzee aliuliza akiwa bado chini.

Binti alikitazama kiganja chake chenye michirizi miwili myekundu. "Sijui. Nilikuwa na miaka sita, tunavuta ndoo kisimani. Ulinizungushia kamba mkononi wewe mwenyewe. Ulisema kamba haiachwi."

Mzee aliigusa ile michirizi kwa ncha ya kidole. Kisha akasema, "Nilikufundisha ya ghalani. Ya mbwa sikuyajua." Akafuta machozi kwa bandeji. "Nimekufa, mama. Nilipoona lile gurudumu nimekufa kabisa."

"Ndivyo nilivyokufa mimi Jumanne. Na mara ile ya kidole."

Hapo ndipo ilipomwingia. Si kwamba hakuwa ameambiwa. Alikuwa ameambiwa sana. Aliinuka kwa taabu, akavuka, akauokota mkanda vumbini, akamrudisha Meneja. Kwa mbali honi ya pikapu ilikuwa ikilia mlangoni kwao, kama kawaida ya shemeji yake asiyejua kubisha hodi.

"Basi mpe mjomba wako," alisema, akimnyooshea binti yake ule mkanda. "Sina kinyongo. Mpe aende naye."

Binti alimtazama baba yake, akamtazama mbwa, ambaye alikuwa ameketi na kuwaangalia wote wawili kana kwamba wamechelewa kazini. Honi ikalia tena. Akaupokea mkanda, akaukung'uta mavumbi, akanyoosha mkono wake uliochubuka mbele ya mzee.

"Nionyeshe gumba linakaa wapi."