Kaptura Mbili za Majaribio

Siku babu yako alipoacha kuongea na mimi ninaikumbuka vizuri, mjukuu wangu Lusajo. Nakusimulia kwa sababu nasikia wewe na mchumba wako Neema mliomba kazi moja ya kuandika programu za kompyuta, mkapewa jaribio la kufanyia nyumbani, akachukuliwa yeye. Na sasa simu zake hupokei.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, ndoa yetu bado changa. Ushirika ulifungua chumba cha kushonea sare za shule pale Tukuyu, ukatafuta fundi mmoja. Babu yako Ambakisye hakuwa na mpinzani kijijini kwetu Kyimo kwa kushona. Hata mimi ndiye aliyenifundisha. Tukaomba wote. Mzee Shabani, fundi mkuu, mtu wa asili ya pwani, akatugawia kitambaa cha kaki, kila mtu akashone kaptura nyumbani. Cherehani tulikuwa nayo moja, tukapokezana.

Siku ya kurudisha, Mzee Shabani alizigeuza nje ndani. Ya babu yako ilipendeza kweli. Yangu akaishika pindo.

“Mama, mbona umekunja kitambaa kingi hivi?”

“Mtoto anarefuka, fundi, na kaki madukani haipatikani. Mwakani mama yake atafumua, airefushe.”

Akamgeukia mume wangu. “Na wewe, pindo lako mbona jembamba?”

“Ndivyo inavyopendeza.”

Kazi nikapewa mimi.

Njiani alitangulia kwenye mvua, hakugeuka hata mara moja. Nikampikia ndizi, akasema ameshiba. Haukupita muda nikasikia kisimani kuwa kaptura yangu alishona babu yako, na mimi Mzee Shabani amenipendea mengine. Nikamuuliza babu yako kama ni yeye aliyesema.

“Niliyemfundisha kushika sindano,” akajibu, “ndiye leo apite mbele yangu?”

Mama yake akasikia, akaja. “Ambakisye, kama ile ni kazi yako, kaa hapo ushone nyingine kama ile, nione.”

Akakaa kwenye cherehani, mkono juu ya gurudumu. Gurudumu halikuzunguka. Akainuka, akaenda Kiwira kupakia magunia kwenye malori.

Baadaye alirudi, na maneno yale aliyafuta mwenyewe mbele ya watu. Tukalea watoto, tukazeeka pamoja. Lakini cherehani hakuigusa tena. Nikimwomba anisaidie kukata kola, anatoka nje. Mkono mzuri namna ile, mwanangu, ulikufa miaka mingi kabla yake mwenyewe.

Kwa hiyo nakuambia: wivu utakuuma, huwezi kuuzuia. Ila usiuache ukunyang'anye ufundi wako. Mpigie Neema leo, mpongeze hata kama sauti inakwama. Halafu mwombe akuonyeshe alivyofanya, nawe ukae tena kwenye kazi yako.

Kyala, Mungu wetu, awape nyumba ambayo mmoja akifanikiwa mwingine analala vizuri. Akubariki, mwanangu.