Maji ya Wageni wa Wayua

Watu wa mjini humcheka Kalekye kwa harufu anayorudi nayo nyumbani, ilhali harufu yenyewe ni yao. Wao huvuta maji ya choo wakasahau. Yeye ndiye hushika reki kule kwenye mabwawa ya majitaka, akiopoa nepi na matambara, ili maji yapite bwawa hadi bwawa, taka ikizama na jua likiua vijidudu, mpaka yafike mtoni yasidhuru mtu. Mto wenyewe karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Lakini wakazi wa chini huufukua, kila boma na kisima chake kilichozungushiwa miiba, na mamake Kalekye, Wayua, alikuwa mmoja wao.

Ukame ulipokaza, majitaka yalipungua ghafla mabwawani. Kalekye alilifuata bomba hadi juu ya bonde, akalikuta limevunjwa na kuzibwa kwa magunia ya mchanga, uchafu wa mji mzima ukitiririka kwenye mitaro ya sukuma wiki. Uliozidi ulishuka korongoni moja kwa moja hadi mtoni. Mwenye shamba alikuwa Nyamai, kakake wa tumbo moja. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Nyamai, hii uchafu inaenda mpaka kwa kisima ya mwaitu, mama yetu!"

"Mchanga inachuja. Tangu zamani mama anakunywa hiyo maji, na si ako hai? Ama unataka watoto wangu walale njaa?"

Ni kweli wazee walikunywa maji ya mchanga wakazeeka. Ila wazee hawakuwa na mji mzima unaowamwagia vyoo kutoka juu. Kalekye alilijua hilo, na alijua pia kwamba akimwambia msimamizi wake, Mathenge, kakake atalala korokoroni. Akanyamaza. Akajidanganya kwamba ipo njia ya katikati: kila Jumamosi alimpelekea mama mitungi ya maji ya mfereji kwa bodaboda, akimsihi asiguse ya mtoni.

"Asante mwanangu," Wayua alisema. "Mungu akubariki."

Lakini nani asiyewajua akina mama wa Ukambani? Kitu kizuri ni cha mgeni. Wayua aliisukuma mitungi uvunguni mwa kitanda, akaiweka kwa ajili ya pasta na wanawake wa kanisa watakapokuja kuomba. Yeye mwenyewe aliendelea kufukua mchanga. Kisima kiliponuka alihama hatua chache akachimba kingine, kama walivyofanya majirani wote.

Jirani yake Kasiva ndiye aliyepiga simu. Kalekye alimkuta mama macho yamezama, ngozi imelegea, sakafu imelowa. Kipindupindu. Aliinama uvunguni akavuta mtungi, kisha mwingine. Yote ilikuwa imejaa.

"Wacha hiyo," Wayua alinong'ona. "Ni ya wageni."

Alikata roho njiani kuelekea hospitali. Wiki hiyo hiyo Kasiva alimzika mjukuu wake.

Kaburini Nyamai alilia kuliko wote, akaanguka chini, wanaume wakamshika. Kalekye alimhurumia. Asubuhi iliyofuata alirudi kazini akakuta mlango wa bwawa la kwanza ni mkavu. Magunia yalikuwa palepale. Hapo huruma ilimwisha. Alimpigia kakake simu akamwambia anakwenda kwa Mathenge, kisha akakata.

Nyamai alimuwahi mlangoni pa ofisi, jasho likimtiririka.

"Utaniuza, Kalekye? Mimi, mtoto wa mama yako?"

"Mara ya kwanza nilikuchagua wewe, Nyamai. Unajua tumezika nani."

Akabisha hodi, akaingia.