Kibao cha Thelathini na Moja

Saa moja na nusu asubuhi. Mlango wa bati wa karakana unakwaruza sakafu, unakwama pale unapokwama kila siku, na mwanamke aliyefunga kitambaa cheusi kichwani anausukuma kwa nyonga mpaka uachie. Anaingia bila kuwasha taa. Anakwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa kushoto, anaangua kibao kimoja kwenye msumari wake, na kukipuliza vumbi ambalo halipo.

"Amka, bwana," anakiambia. "Kazi imetukaba shingoni."

Mtaani humwita Mama Vibao, na ukishaingia humu huna haja ya kuuliza kwa nini. Ukuta mzima umejaa vibao vya plaiwudi: virefu, vifupi, vyenye umbo la pembe, vyenye reli mbili zilizoachana upana wa kidole gumba. Vyote kwa pamoja ni thelathini na kimoja, na hakuna hata kimoja kinachouzwa.

Kazi ya kibao ni kumwongoza fundi. Unakibana kibao juu ya ubao, unaegemeza msumeno kwenye reli ya kwanza, unakata. Unahamia ya pili, unakata. Kilichobaki katikati unakitoa kwa patasi, na hapo umepata mfereji wa kuchomekea rafu. Hata kama mkono unakutetemeka kwa njaa au kwa hasira, mstari unatoka umenyooka.

Vibao vyote vilitengenezwa na mumewe, ambaye ni marehemu mwaka wa nne sasa.

"Alivitengeneza kwa miezi minane," anasema Mama Vibao, mwenye umri wa miaka hamsini na minne. "Mapafu yalishachoka na vumbi la mbao. Daktari alimwambia muda aliobakiwa nao. Yeye hakuniambia. Akarudi nyumbani, akanywa chai, akaanza kukata vibao."

Mwenyewe hakuelewa, na hilo ndilo linalomla hadi leo. Kwa miaka ishirini na miwili aliyofanya kazi na mumewe, hakuwahi kukata ubao hata mmoja. Alipiga msasa, alipaka rangi, na ubao mrefu ulipowekwa mezani alishika ncha yake isianguke.

"Kushika upande wa pili, hiyo ndiyo fani niliyosomea," anasema, na kicheko kinamtoka kabla hajakizuia. "Nina shahada kabisa."

Basi alipomwona mgonjwa wake anakohoa huku anakata vipande visivyo na mteja, alimtania, kisha akamsema. "Nilimwambia, wewe mwanamume, plaiwudi nzima unaifanya midoli? Lala upone kwanza. Akasema, haya bosi. Kila nikimgombeza alikuwa ananiita bosi. Nikigeuza kisogo, namsikia tena, kwaru, kwaru."

Miezi mitatu baada ya mazishi ndipo alipovigusa kwa mara ya kwanza. Hakuwa na nia ya kufanya kazi. Alitaka kuvipanga tu ili chumba kipangishwe. Hapo ndipo alipoona maandishi. Karibu kila kibao kilikuwa na maneno ya penseli yaliyoandikwa kwa ule mwandiko wa kulalia kushoto. *Upande huu juu. Hapa usilazimishe. Huu uguse tumbo lako.* Mumewe alikuwa mrefu kuliko yeye kwa kichwa kizima. Tumbo lililotajwa pale lilikuwa la mkewe, si lake.

Kibao cha tisa kilikuwa na maneno matatu tu: *Umechoka. Kaa kwanza.*

"Nikakaa," anasema. "Nililia mpaka jua likazunguka upande ule."

Kesho yake alibana kibao cha kwanza na kukata. Tangu siku hiyo Mama Vibao ni fundi wa rafu za vitabu na makabati madogo. Mwezi mzuri anatoa rafu nane, mwezi mbaya mbili. Amejilisha, amelipa kodi ya chumba hiki, na amemalizia masomo ya binti yake wa pekee, ambaye sasa anafanya kazi mbali na nyumbani. Na yote hayo kayafanya bila kupima. Vipimo vyote viko ndani ya vibao. Yeye anafuata reli na kusoma maelekezo. Tepu ya mumewe, anakiri bila aibu, hajui hata ilipoangukia.

Hapo ndipo mambo yalipomwendea mrama.

Mwezi uliopita shule moja ya chekechea ilimwagiza rafu sita. Alinunua plaiwudi duka lile lile, ile ile iitwayo ya milimita kumi na nane, akabana, akakata, akagundisha. Rafu zilichomeka kirahisi mno. Aliona pengo dogo pembeni, akalijaza gundi, akapaka rangi, akashukuru kwamba kazi imekwenda haraka.

Wiki mbili baadaye mwalimu mkuu alizirudisha zote. Zilikuwa zinacheza, na mojawapo ilikuwa imeachia, ikamwaga vitabu vyote sakafuni.

"Hakunifokea, na afadhali angenifokea," anasema Mama Vibao. "Alinishika mkono. Akaniambia, mama, watoto walikuwa nje wanacheza. Namshukuru Mungu walikuwa nje. Basi. Akanipa mpaka Jumatatu, shule itakapofungua."

Fundi mwingine yeyote angegundua mapema, kwa kuwa anapima. Plaiwudi ya siku hizi jina lake bado ni kumi na nane, lakini ukiipima unapata kumi na sita na nusu, na mzigo ujao unaweza kuwa kumi na saba. Vibao vya marehemu vilikuwa na pengo la kumi na nane kamili, kama mbao za zama zake. Vilikuwa sahihi kabisa kwa mbao ambazo hazipo tena.

Siku rafu ziliporudi, mjane huyu alifunga mlango na kuugombeza ukuta.

"Nilimsema kama vile yupo. Nilimwambia, umenifikiria mpaka tumbo langu, hukufikiria kwamba mbao nazo zitabadilika? Umeniachia vibao, hukuniachia akili ya kuvitengeneza. Nitafanyaje sasa? Nijibu! Nilipiga makelele kama mwehu."

Binti yake, alipopigiwa simu, alisema kile ambacho amekuwa akikisema kila mara. "Mama, achana na hizo mbao. Funga, uje ukae na mimi." Safari hii mama hakubisha. Alimwahidi kwamba rafu zikirudi mara ya pili, atafunga mlango wa bati na kwenda. Alisema hivyo akivitazama vile vibao, maana katika chumba cha binti yake hakuna ukuta wa kuvitundika.

Makelele yale yalimfikia fundi vyuma wa chumba cha jirani, rafiki wa marehemu, ambaye yeye na Mama Vibao huitana shemeji. Kwanza alimshauri apigilie vipande vyembamba ndani ya reli ili kupunguza pengo. Mama Vibao alikataa katakata. Vipande vingeketi juu ya maandishi, na yeye hakuwa tayari kuyafunika.

Yule jirani akaondoka. Baada ya muda akarudi na kopo la rangi lililojaa takataka za vyuma, na uso wa mtu aliyekosa.

"Shemeji," alisema, "kuna kitu chenu nakaa nacho. Mzee aliniagiza boliti mbili ndefu, na nati za masikio, zile unazokaza kwa vidole. Hakuja kuzichukua. Tukaingia kwenye msiba, nikaona haya kukuletea vyuma. Siku zikapita, ikawa haya juu ya haya."

"Za nini?" aliuliza Mama Vibao.

"Alisema ni za kibao. Cha mwisho."

Kibao cha thelathini na moja kilikuwa kimetundikwa pembeni kabisa, karibu na swichi ya taa. Hakikuwa na maandishi. Kwa miaka minne Mama Vibao aliamini kwamba ni kile kilichomharibikia mumewe, na alikitundika kwa sababu tu mkono wake haukuweza kukitupa. Kina reli moja iliyogundishwa na nyingine isiyoshikizwa na chochote. Reli hiyo isiyoshikizwa imetobolewa mipasuo miwili mirefu ya kupitisha boliti. Mmoja umekamilika. Wa pili umefika katikati na kuishia hapo. Mstari wa penseli unaendelea mbele, lakini msumeno haukuendelea.

Walikilaza mezani, wakachomeka boliti ya kwanza. Reli ikasogea, ikarudi, ikasogea. Yule jirani akaokota kipande cha ile plaiwudi nyembamba, akakiweka katikati ya reli mbili, akaisukuma reli mpaka ikakigusa.

"Basi, shemeji," alisema taratibu. "Hapa hupimi. Ubao wenyewe ndio unaopima. Uwe mnene, uwe mwembamba, unaubana hivi, unakaza, unakata."

Mama Vibao alikuwa anautazama ule mpasuo ulioishia katikati. Alikuwa ameikumbuka siku ile. Ilikuwa Jumanne, mchana, amemletea mumewe chai mezani hapa hapa. Alimkuta ameinamia reli, jasho linamtiririka, kila akisukuma msumeno mara tatu anasimama kutafuta pumzi.

"Nikamwambia, weka chini hilo libao ulale. Akasema, namalizia kidogo tu. Nikaukamata msumeno, nikamnyang'anya mkononi. Mkono wenyewe haukuwa na nguvu, uliachia tu." Anatazama dirisha. "Akacheka. Akasema, haya bosi. Hakuinuka tena kitandani. Siku ya tisa tukamzika."

Kwa hiyo alikuwa amefikiria. Alijua mbao zitabadilika, na dawa yake alikuwa nayo mkononi, ikibakia kipimo cha kidole kimoja kuikamilisha. Mke wake aliyemtengenezea ndiye aliyeikatiza, kwa kumpenda.

Jirani alijitolea kupeleka kibao kwa fundi mwenye mashine; ingekuwa kazi ya dakika mbili. Mama Vibao alikikumbatia kifuani. "Nilimkatiza mimi," alimwambia. "Nitamalizia mimi."

Tatizo ni kwamba mpasuo ule haukatwi kwa kibao. Unakatwa kwa msumeno mwembamba na macho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Tangu siku hiyo amekuwa akijifunza. Chini ya meza kuna gunia. Analivuta ili mwandishi aone. Ndani yake mna vipande vya plaiwudi vilivyochanwa ovyo, kila kimoja kina mpasuo uliopinda, uliopasuka ukingo au uliokatika. Amevihesabu: hamsini na nane. Vya juu vina nafuu kuliko vya chini.

Leo ni Ijumaa. Hawezi kusubiri tena.

Anakirudisha msumarini kile kibao alichokuwa amekishika, cha kwanza, kile kilichomfundisha kazi. Anakiangua cha mwisho. Anaibana reli yake mezani, anauingiza msumeno pale pale ulipoachwa, na kwa muda hakati, anaushika tu. Kisha anapiga moyo konde.

Kwaru. Kwaru. Mlango umejaa kivuli: fundi vyuma amekuja, amesimama kizingitini. Mama Vibao hatazami pembeni. Midomo yake inasogea, na ukisogelea unasikia anasema, "Usilazimishe, usilazimishe," hadi unga wa mwisho wa mbao unapoanguka miguuni.

Anapuliza. Mpasuo umeungana. Ile nusu ya kwanza imenyooka kama rula. Nusu ya Mama Vibao imeyumba kidogo, imeuacha mstari wa penseli, ikaurudia. Mtu yeyote anaweza kuona mkono mmoja uliishia wapi na mwingine ulianzia wapi. Anapachika boliti ya pili. Inakwaruza pale penye kuyumba, kisha inapita.

Anaweka kipande cha plaiwudi kati ya reli, anasukuma, anakaza nati za masikio kwa vidole. Anakata mfereji wa majaribio, anauchimba kwa patasi, anachomeka rafu. Haiingii mpaka aigonge kwa kiganja. Anaishika kwa mikono miwili na kuitikisa kwa nguvu zake zote. Meza inatikisika. Rafu haitikisiki.

Hashangilii. Anabaki ameishika.

"Angesema tu," anasema hatimaye, na machozi yanashuka bila yeye kuyafuta. "Angeniambia, mke wangu, ninatengeneza hiki kwa sababu hii. Mimi ningekaa naye. Ningemshikia."

Mipango yake, anaeleza baada ya kunawa uso, si mingi. Rafu sita ziwe shuleni Jumapili jioni, naye atazipeleka mwenyewe na kuzitikisa mbele ya mwalimu mkuu. Akishatoka huko atampigia binti yake kumwambia kwamba haendi, walau mwaka huu. Halafu atatafuta tepu. Anataka kujifunza kutengeneza kibao chake mwenyewe, kuanzia mwanzo, kitakachokuwa cha thelathini na mbili.

Anachukua penseli sikioni. Kwenye kibao cha thelathini na moja, mahali ambapo mumewe hakuwahi kufika kuandika, anaandika polepole kwa herufi kubwa: *Weka ubao kwanza, kisha kaza.* Anasoma alichoandika, anaongeza nukta.

Kisha anaunyanyua ubao wa kwanza wa shule, mrefu kumpita, na kuulaza juu ya meza. Ncha yake inaning'inia nje, inaanza kuinama.

"Shemeji, umesimama hapo kama mgeni," anamwambia fundi vyuma aliyeko mlangoni. "Njoo unishikie upande wa pili."