Vidonge vyangu vya goti na pumzi ya mjukuu wangu

Wakuu, nawasalimu kutoka Nyamitaba, hapa Masisi, Kongo, mimi mwalimu wa zamani, kisha mkaguzi wa shule. Naandika niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoelezwa na daktari uso kwa uso. Yaliyosemwa njiani nitayataja kuwa ya njiani.

Mwaka jana Furaha, mke wa mwanangu, alipitisha siku zake za kujifungua kwa zaidi ya juma moja. Tukampeleka hospitali.

Mtoto wa kike alizaliwa mkubwa, lakini maji ya uzazi yalikuwa ya kijani, maana alikwisha kujisaidia tumboni. Alilia kidogo, kisha midomo ikawa ya bluu.

Wakamwekea oksijeni. Rangi haikurudi.

Nje, dada yangu mkubwa alikuwa ameshatoa hukumu. Sisi ni wafugaji, na kwa desturi yetu mwanamke hakamui ng'ombe. Mwanangu alipokuwa Hombo kwa biashara, Furaha alikamua.

"Mwanamuke akikamata chuchu za ng'ombe, mutoto anakosa pumuzi," dada akawaambia ndugu.

"Ulisoma wapi?" nikamwuliza.

"Wewe na vitabu vyako. Ng'ombe haiko inajua kusoma."

Furaha aliyasikia yote dirishani. Mtoto wake alikuwa anapigania uhai, naye ameshaitwa mwuaji.

Daktari, binti wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho, alibana kifaa cha kupimia oksijeni kwenye mkono wa kulia wa mtoto, kisha mguuni. Namba ya mguu ilikuwa chini. Nikauliza sababu, naye akanieleza bila kuniona msumbufu.

Mtoto akiwa tumboni, damu yake nyingi hupita kando ya mapafu kwa mshipa wa njia ya mkato, kwa kuwa hayafanyi kazi bado. Akizaliwa, mishipa ya mapafu hulegea ili damu iingie. Ya huyu ilibaki imekaza, na presha ndani yake ilikuwa juu, hivyo damu isiyo na oksijeni ya kutosha iliendelea kupita njia ile ya mkato kwenda miguuni.

Kisha akamgeukia Furaha. Ana sukari? Alipata homa? Maji yalitoka lini?

"Na mu miezi ya mwisho, mama, ulikunywa dawa gani?"

"Ya mugongo tu."

"Nani alikupatia?"

Furaha akatazama shuka. Hakuwa tayari kumtaja baba mkwe wake.

"Ni mimi," nikasema.

Vilikuwa vidonge vyangu vya goti, diklofenaki. Nilimpa kila asubuhi kwa majuma matatu, nikijivuna kwamba ni dawa ya hospitali, si majani ya porini.

"Papa, siwezi kusema dawa njo ilifanya," daktari akajibu. "Ile maji chafu peke yake inatosha. Kupitisha siku pia. Lakini ile dawa, mu miezi ya mwisho, inaweza kubana ule mushipa wa njia ya mukato mbele ya wakati, na presha inapanda mu mapafu ya mutoto. Haipatiwi mama wa mimba."

Nikatoka nje, nikasimama chini ya dirisha lile lile, nikawaeleza ndugu zangu neno kwa neno. Nikasema pia kwamba kukamua hakumo.

Dada akanijibu: "Basi, Papa Inspecteur, leo umepata sifuri."

Aliingia ndani, akamlisha Furaha uji kwa mkono wake.

Oksijeni iliendelea, na siku ya nne midomo ya mtoto ikawa myekundu. Siku ya sita akanyonya. Leo anatembea, na kuku wetu hawana amani.

Wakuu, kama daktari amekuandikia dawa wewe mwenyewe ukiwa mjamzito, usiiache kwa sababu ya uzi huu, rudi umwulize. Ninachokataza ni dawa ya mtu mmoja kuingia kinywani mwa mwingine, hata ikitolewa kwa upendo.

Tuliporudi nyumbani nilifungua boksi la vile vidonge. Ndani kulikuwa na karatasi ya Kifaransa safi, na katazo la wajawazito limo. Nilikagua shule miaka mingi, nikiwadai walimu ushahidi wa kila jambo, na karatasi ile sikuwahi kuikunjua.

Mwenye ujuzi wa tiba anisahihishe hapa chini. Aseme tu alisomea wapi.