Utando wa Mama Ange

Recho Harerimana, ambaye majirani zake wa Kasulu humwita Mama Ange, alipika urwagwa, ile pombe ya ndizi, kwa miaka kumi na minne, na hakuna mteja aliyewahi kurudisha kibuyu akilalamika. Kisha mnyauko ukaingia shambani kwake Makere. Bwana shamba akasema migomba yote ikatwe na kufukiwa. Alishika panga mwenyewe, akamaliza shina la mwisho kabla jua halijazama. Bila ndizi hakuwa tena na kazi.

Hakukaa kulia. Alianza kuangalia watu wasiokunywa pombe wanakunywa nini.

Jirani yake Yusta, nesi aliyeletwa huku kutoka Moshi, alikuwa na chupa kubwa ya kioo kabatini. Ndani mlikuwa na chai, na juu ya chai kimeelea kitu cheupe, kinene, kama maziwa yaliyoganda.

"Dada, hiki kizima au kimekufa?"

"Kizima. Hii ni kombucha, chai iliyochachuka. Huo utando ndio mama yake, ndio unaochachusha."

"Inalewesha?"

"Kilevi kipo, kidogo mno. Lakini kipo, usije ukamficha mteja."

Mama Ange akaonja. Ukali, utamu kwa mbali, na kitu kinachochoma ncha ya ulimi. Akaziona harusi, akaiona mikutano ya watumishi, watu waliochoka soda na wasiogusa bia. Hapo hapo akaanza kupatana. Yusta alitaka jogoo wawili. Wakaafikiana jogoo mmoja na maharage ya kula mwezi mzima. Utando ukakatwa nusu, akaongezewa na kikombe cha chai iliyokwisha chachuka.

"Chemsha maji lita tatu, majani ya chai vijiko vitatu vya chakula, sukari robo kilo," Yusta alimwelekeza. "Chuja, poza kabisa, ndipo utie hicho kikombe na utando. Funika kwa kitambaa, si mfuniko. Inataka hewa."

"Nesi, mimi nilikuwa nachachusha wewe ukiwa shule ya msingi."

Na kosa lilitoka humo humo kwenye ujuzi. Nyumbani aliitazama ile chai akaiona nyonge. Tangu lini kitu kikachachuka bila unga wa mtama? Akatia viganja viwili, akafunika kwa majani ya mgomba aliyoomba kwa jirani, akakaza kamba kama afanyavyo kwa urwagwa, akaiweka karibu na mafiga. Siku ya nane alipofungua, juu palikuwa na manyoya ya kijani na meusi.

"Ukungu huo," Yusta alisema. "Mwaga yote, na utando wake."

"Nikiutoa huu wa juu tu?"

"Ukiwanywesha watu hiki, mimi ndiye nitakayewapokea zahanati."

Akamwaga. Kisha akaomba kipande kingine, Yusta akatikisa kichwa. Kilichobaki ni kile kimoja, na Jumamosi alikuwa anahamia Kibondo. Mtu mwingine mwenye utando pale Kasulu hakumjua.

Mama Ange akavuta kigoda. "Sikiliza, dada. Unakwenda kwenye nyumba hujaiona, na barabara ile na chupa ya kioo unaijua. Niachie. Ukirudi kuchukua vyombo vyako vilivyobaki, ukiukuta mzima tugawane. Ukiukuta umekufa, unaondoka na mbuzi wangu."

"Mbuzi yupi?"

"Yule jike mweupe. Ana mimba."

Yusta akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Haya."

Safari hii Mama Ange alipima kila kitu. Chai aliipoza mpaka kidole hakikusikia joto tena. Juu akafunga kipande cha kanga safi kwa mpira, akaiweka chumbani, mbali na moshi. Mkono ulimwasha kutia mtama.

Shemeji yake Kipriani, mnywaji wake wa siku nyingi, alipita kuchungulia. "Mama Ange, tia hata kiganja kimoja. Hii ni chai ya wagonjwa."

"Shemeji, unga wako upikie ugali."

Siku ya tano aliona nyuzi za kahawia zinaning'inia chini ya utando. Akampigia Yusta.

"Hizo ni chachu tu. Juu pana manyoya?"

"Hapana."

"Basi iache."

Kuiacha ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kukata migomba. Aliiacha.

Siku ya tisa Yusta alifika na gari la mizigo. Alifungua kanga, akainama. Juu ya utando wa zamani ulikuwa umetanda mwingine, mwembamba, laini, mweupe bila doa. Akachota kwa kijiko.

"Tamu kidogo bado. Ningeiacha siku mbili zaidi."

"Lakini nzima?"

"Ego," Yusta alikubali kwa Kiha chake cha kuokoteza. "Mbuzi wako umemwokoa."

Wakagawana. Yusta alichukua utando wa zamani, Mama Ange akabaki na mpya, na akasimamia kwa macho mpaka kikombe chake cha chai chachu kikajaa sawasawa. Gari halijawashwa, sufuria ya maji ilikuwa motoni. Kisha akashusha mfuko wa unga wa mtama kutoka darini, akampa Kipriani aliyekuwa amekaa mlangoni.

"Peleka kwenu mkapike uji. Humu ndani hauna kazi tena."