Redio Mbili za Kipungani

Enzi zetu hapa Kipungani redio zilikuwa mbili tu, na kila mtu alijua ipi husema nini. Ya Bwana Kassim, karibu na msikiti, ilishika sauti ya serikali. Ya Bwana Shee, kule ufuoni, ilishika ya ng'ambo, ikikoroma kama paka mwenye mafua. Mawe yake ya betri yakichoka yalianikwa juani pamoja na papa, nasi watoto tukiapa kwamba habari zake zinanuka samaki.

Bibi yangu alikuwa akikaa barazani akisuka ukili, ule ukanda wa miyaa unaoshonwa ukawa mkeka. Saa ya habari ikifika alitutuma, mimi kwa Bwana Kassim, mwenzangu Amina kwa Bwana Shee. Tuliacha mchezo wetu wa mdako mchangani, tukatoka mbio. Tukirudi tulipewa kipande cha mkate wa mofa wa moto, na mofa ile, wallahi, siku hizi haipo, mtama wenyewe umekuwa wa dukani... lakini nilikuwa nasema habari. Basi tulisimulia kwa zamu. Tulipopatana, vidole vya Bibi vilikwenda. Tulipotofautiana, vilisimama.

"Hapo paacheni kwanza," husema, "mpaka aje mtu aliyekuwako."

Hakuna aliyenuna. Nikilala niliota redio zile mbili zimekaa ufuoni, zinaongea zenyewe kwa zenyewe, polepole, maji yakijaa.

Sasa mimi na Amina tumezeeka. Mimi nasuka, yeye hushona. Kila mmoja ana simu, amewekewa na wajukuu, ambao wenyewe wameziba masikio kwa vijiuzi vya simu, ukiwaita mara tatu wanauliza, "Bibi, umesema?" Simu yangu huniletea habari za upande mmoja, ya Amina za upande wa pili. Mwezi uliopita palikuwa na mkutano wa siasa mjini Amu. Kwangu uwanja umefurika. Kwake uwanja mtupu, punda wanapita.

"Nyinyi mumekuwa vipofu," akaniambia.

"Na nyinyi mumelipwa," nikamjibu.

Sisi na nyinyi, watu tuliocheza mdako mmoja. Akafunga mlango. Mkeka wa harusi ya mjukuu wake ukabaki nusu, na harusi inakaribia.

Jana alasiri nikatia ukili kwapani, nikaenda kupiga hodi.

"Nani?"

"Mtoto aliyetumwa kwa Bwana Kassim."

Kisha nikasikia kicheko chake kile kile cha utotoni.

"Nami nimetoka kwa Bwana Shee. Ingia, lakini mofa sina."

Akashika sindano. Nikasimulia yangu, naye yake. Masimulizi yalipofika uwanjani mkono wake ukasimama. Hatukuwako, si mimi si yeye.

"Hapo tupaache kwanza," akasema, akaendelea kushona.

Zamani ndia ya kutoka redio moja hadi nyingine ilikuwa mbio ya mtoto, mofa haijapoa. Leo kila mkono una redio yake, na kutoka kwangu hadi kwa Amina, ambako tumepakana ukuta, imenichukua mwezi mzima.